Nuksi ya Athumani Geti

Jumatano, 1 Juni 1994

Mazoezi tena. Uwanja bado una tope upande wa goli la chini, mpira unakwama, vijana wanacheka. Kutwa nimesimama kwenye meza yangu ya mitumba kando ya barabara, jioni nakimbia. Miguu si yangu. Goti la kulia limeanza tena. Sikumwambia mtu. Mimi kapteni nikisema goti linauma, kesho yake jezi ina mwenyewe mwingine.

Tulipomaliza nikamwona mtu kasimama pembeni, mikono kaiweka nyuma. Athumani Geti! Kanenepa kidogo, ndevu zimeingia mvi. Yeye ndiye aliyenifundisha kucheza beki, mimi nikiwa kijana wa juzijuzi. Kisha akaenda Dar kuchezea timu ya kiwanda cha nguo, sisi huku Kibiti tukawa tunalisikia jina lake redioni. Walimwita Geti kwa kuwa mtu hapiti. Sasa kiwanda kimefungwa, wafanyakazi wamepunguzwa wote, timu nayo imekufa. Karudi kwao Dimani, kijiji jirani, na mkewe na watoto.

Nilimkumbatia. Nilifurahi. Siku ya kwanza nilifurahi kweli.

Ijumaa, 3 Juni

Geti kafanya mazoezi na sisi leo. Hakimbii. Anatembea tu, na mpira unakwenda pale pale aliposimama. Vijana wanampita wanajiona wamepita, kumbe mpira wameuacha kwake. Mimi hupiga kelele uwanja mzima mpaka sauti inakauka. Yeye ananyoosha kidole, watu wanajipanga.

Kocha wetu, Mwalimu Kitwana, kasimama kinywa wazi. "Seif, umeona?" Nimeona. Macho ninayo.

Geti kamwambia hana timu, barua ya kuachiwa anayo, hadai kitu. Anataka msimu mmoja tu kabla mwili haujakataa. Yuko huru, tukimtaka tumsajili.

Nimeona wivu. Nilifika nyumbani, mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi. Haikuzidi.

Jumapili, 5 Juni

Kikao cha kamati, kwenye ghala la korosho la mwenyekiti. Mzee Mbonde ndiye mwenyekiti wetu. Tangu biashara iwe ruhusa ananunua korosho mwenyewe, ana lori, ndiye anayetununulia mipira. Sasa vyama ni vingi, na yeye anautaka udiwani. Hataki kumuudhi mtu. Ni Mmatumbi, mtani wangu, basi akaanza na mimi: "Nyie Wandengereko, mkiona mtu kapita Dar mnadhani karudi na bahari."

Ajenda moja: Geti asajiliwe au asisajiliwe? Nafasi imebaki moja. Mwalimu anasema asajiliwe, timu yetu ya Kimbunga haijawahi kuwa na beki kama yule. Wengine wanasema ni mzee, mwili utamsaliti katikati ya ligi, heri nafasi apewe kijana. Maneno yakazunguka. Jambo moja hakuna aliyelisema na kila mtu alilijua: akiingia Geti, anayekaa benchi ni mimi. Yule beki mwenzangu, Salumu, ana mbio. Mimi nina kelele.

Mzee Mbonde akanigeukia. "Kapteni, unasemaje?"

Nilikuwa na maneno mawili ya kiume. Msajilini. Au: msimsajili, naogopa nafasi yangu. Sikusema hata moja. Nikasema tufuate utaratibu, majina yaende kwa Fundi kwanza.

Wote wakaitikia kwa kichwa. Ndivyo tunavyofanya hapa kila msimu. Kabla ya usajili, majina ya wachezaji hupelekwa kwa Fundi Matimbwa, mganga wetu kule kwenye delta ya mto, ayatazame, aseme nani njia yake nyeupe na nani ana kizuizi. Tunaita kamati ya ufundi. Ufundi wa mpira haumo. Na majina hayaandikwi. Hubebwa mdomoni, na mbebaji ni kapteni.

Jumanne, 7 Juni

Baiskeli mpaka Nyamisati, halafu mtumbwi. Kuchoka, usiseme.

Nilimkuta Fundi juu ya dungu, shambani kwake, anafukuza ndege kwenye mpunga. Wakati wa mavuno huu, hataki wageni. "Yataje upesi," akasema, "ngedere hawana subira kama nyie." Nikayataja, kila mmoja na jina la mama yake. Macho kafumba, mkononi kashika tasbihi, mguuni kashika kamba ya makopo ya kutishia ndege. Ukivuta mguu, makopo yanalia. Basi kila baada ya majina kadhaa, kelele.

Nikafika kwa Geti. Athumani, mwana wa Mwanahawa. Akalirudia jina taratibu.

"Huyu hana neno. Ametulia."

Wote hawana neno, akasema, ila golikipa asile pweza siku ya mechi. Akashuka kwenda kumkimbiza ngedere. Basi. Hayo ndiyo aliyosema, na hakuna mengine.

Nilirudi kinywa kichungu.

Jumatano, 8 Juni

Nimesema uongo.

Nilisema mbele ya kamati: jina la Athumani limekuja zito, Fundi kasema timu anayoingia huyu hufa. Niliyatunga njiani, juu ya baiskeli. Nikayasema kwa sauti ya kusikitika, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.

Kisha mmoja akasema, "Kwani si kweli? Timu ya kiwanda si imekufa?" Mwingine akadakia, "Na kiwanda chenyewe!" Wa tatu akakumbuka kwamba Geti kabla ya hapo alichezea timu nyingine, nayo haipo siku hizi. Nilitupa kijiti kimoja, kila mtu akaja na kuni zake.

Mwalimu Kitwana alinitazama. Yeye husema haamini mambo ya Fundi. Lakini leo hakutaka kuwa mtu atakayelaumiwa tukifungwa. Akatazama chini.

Tukakubaliana iwe siri. Geti aambiwe nafasi zimejaa. Nani amwambie? Kapteni.

Alhamisi, 9 Juni

Nimemwambia. Alikuja na mihogo kutoka Dimani, kaifunga vizuri nyuma ya baiskeli, zawadi yangu.

"Sawa, mdogo wangu," akasema. "Kikijaa kimejaa. Basi nitakuja kuwasaidia mabeki mazoezini, nikae karibu na mpira tu."

Nikapokea mihogo. Tukaichemsha, tukala. Ilikuwa mitamu, na utamu wake uliniudhi.

Jumatatu, 13 Juni

Siri ya kamati! Loo. Siri ya kamati ni habari ya soko.

Wanawake wawili walikuwa wanachagua magauni kwenye meza yangu. Mmoja anamwambia mwenzake: yule mchezaji wa Dimani ana nuksi, kiwanda kizima cha watu kimefungwa juu yake, Fundi mwenyewe kasema. Mwenzake kashika kifua. Wakanunua, wakaondoka.

Nuksi. Mimi sikutamka neno hilo. Nilisema "zito". Mchana mzima nimejitetea hivyo kichwani mwangu. Upuuzi mtupu. Niliwasha moto, sasa nabishania jina la moshi.

Jumamosi, 18 Juni

Geti kaja mazoezini. Vijana hawakumpa mkono. Golikipa kauweka wake nyuma, eti una tope. Aliposogea kuwaonyesha mabeki namna ya kusimama kwenye kona, wakasogea nao, upande wa pili. Mpira ukamwendea, akaurudisha kwa mguu. Hakuna aliyeupokea. Ukaenda mpaka kwenye majani.

Akaniangalia. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Na si mpira tu. Alikuwa amepata kibarua cha kupulizia mikorosho salfa kwa mtu mmoja huko huko Dimani. Mwenye shamba kamtumia mtu: asije, maua yatapukutika. Nimelisikia hili kwa Salumu, na Salumu alikuwa anacheka. Nilitaka kumzaba kofi. Ningeanza na mimi kwanza.

Jumanne, 21 Juni

Mke wa Geti ameondoka.

Shemeji Zuhura kachukua watoto kaenda kwa mama yake Bungu. Mtoto mdogo alishikwa na homa, majirani wakamjaza maneno, naye usingizi ukamwisha. Kasema hamchukii mumewe, anawaogopea wanawe tu.

Ni Geti aliyeniambia haya, asubuhi, kwenye meza yangu, kati ya suruali zinazoning'inia. Sikuweza kumtazama, nikawa nakunja mashati.

"Wanasema nina nuksi, na ati ni Fundi Matimbwa kasema. Wewe ndiye unayepajua kwake. Nipeleke nikasafishwe, mdogo wangu. Akinisafisha, mke wangu atarudi."

Nikasema nina biashara. Akasema atasubiri. Nikasema goti. Kweli linauma, safari hii sikudanganya.

"Nitakubeba kwenye keria," akasema.

Basi. Kesho kutwa tunakwenda. Nimejaribu kutafuta ugonjwa mkubwa zaidi, sikuupata.

Alhamisi, 23 Juni

Kanibeba kweli. Kutoka Kibiti mpaka Nyamisati, anakanyaga pedali, mimi nyuma nimekaa kama bibi harusi. Mlimani anapumua kwa nguvu, hataki nishuke. Njiani anazungumza. Nuksi ikitoka, anasema, kwanza atakwenda Bungu, pili atatafuta kibarua. Mpira hakuutaja hata kidogo. Mgongo wa shati lake ulilowa jasho, mimi uso wangu uko hapo hapo.

Nilimwomba Mungu Fundi awe amesafiri. Mtu anayeomba hivyo ameshajijua.

Fundi alikuwepo. Mpunga umevunwa, yuko chini anapepeta, uso mkunjufu. Geti akasalimu kwa adabu, akakaa chini, akaeleza shida yake yote, akataja jina la mama yake.

Fundi kaacha ungo. "Mwana wa Mwanahawa? Si nilisema huyu hana neno? Nikusafishe nini, bwana? Mtu safi haoshwi."

Kisha akanitazama mimi. "Wewe siye uliyekuja na majina? Kwani uliwaambia nini?"

Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na meno, sikujibu. Geti alinigeukia polepole. Nilidhani atanipiga. Natamani angenipiga. Alitazama tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi mabaya.

Kwenye mtumbwi alikaa mbele, kanipa mgongo. Nyamisati tukapanda baiskeli. Katikati ya njia akasimamisha baiskeli, akaiegemeza kwenye mti, akaingia porini. Nikabaki peke yangu barabarani. Nikafikiri niondoke kwa miguu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Kanibeba mpaka Kibiti.

Ijumaa, 24 Juni

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mbonde. Nikamwambia yote. Fundi hakusema vile, nilitunga mimi, niliogopa benchi.

Akacheka! "Mtani, Geti kakupa nini?"

Nikaapa. Akaacha kucheka. Akasema usajili umeshapelekwa Utete wilayani, umefungwa, mechi ya kwanza ni keshokutwa, na mimi nisimtie aibu mbele ya watu wakati huu. Akafunga mlango wa ghala taratibu, kwa heshima kabisa.

Nikaenda kwa Mwalimu. Akasema, "Nilihisi." Kwa nini hukusema? "Na wewe je?"

Nikawaambia wachezaji jioni. Nilisimama mbele yao, nikasema mimi ni mwongo. Wakatazamana. Golikipa akasema Fundi kabadilishwa kauli, si wamekwenda wawili kumwona? Salumu akasema kapteni kapakizwa baiskeli moja na mwenye nuksi, imempanda kichwani. Mmoja wao akaogopa hata kunipokea chupa ya maji.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika Dimani, imefika Bungu, bado inakwenda. Ukweli nimeutoa leo, umekataliwa mlangoni. Nina hasira nao, halafu nakumbuka ni nani aliyewafundisha.

Jumapili, 26 Juni

Tumewafunga Ikwiriri moja bila.

Nilicheza mpaka mwisho. Dakika za mwisho mpira ulimpita golikipa, nikautoa mstarini, kwa goti bovu lile lile. Watu wakaingia uwanjani. Walinibeba juu kwa juu, wanaimba jina langu, kina mama wanapiga vigelegele. Nilitaka waniteremshe. Mzee Mbonde kaleta kreti za soda. Kanishika bega mbele ya watu wote akasema kwa sauti, "Mnaona? Tungemsajili yule, leo tungekuwa tunalia."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilikuwa nimeshika soda.

Nikanywa. Sijui kwa nini. Nilikuwa na kiu.

Jumatatu, 27 Juni

Sikufungua meza. Nimekwenda Dimani.

Nilimkuta Geti nyuma ya nyumba anasonga ugali, sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Kamba ya nguo iko tupu. Hakunikaribisha. Nikasimama mpaka alipomaliza kusonga, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu.

Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Radhi yako sina pa kuiweka, Seif. Na timu siitaki, wala usiniambie tena habari ya timu. Mimi nilikufundisha usimame pale mpira unapokuja. Wewe umesimama kwingine. Basi." Akafunika ugali. "Nenda Bungu. Mwambie mama mkwe wangu, na mke wangu awepo. Kwa mdomo huo huo."

Nikamwuliza kama atakuja nami.

"Nije kufanya nini? Mimi sikusema kitu."

Alikula mbele yangu, hakunikaribisha tonge. Huku kwetu hata mbele ya mgeni usiyemjua huli peke yako ukamwacha anatazama. Nilikaa nikatazama. Nilistahili.

Jumanne, 28 Juni

Sikwenda. Nilifungua meza, nikauza suruali. Nilimwambia mke wangu gari za Bungu leo ni chache. Zilipita mbele yangu kutwa nzima.

Mke wangu anajua yote sasa. Kasema, "Mume wangu, ungekuwa unafungwa mpira kama unavyofungwa na woga, wangekuacha zamani." Halafu akalala. Kasema bila hasira, na ndiyo maana imeniingia.

Jumatano, 29 Juni

Nimekwenda Bungu. Nimepanda lori la mbao, nikashuka sokoni, nikauliza nyumba.

Mama mkwe wa Geti alikuwa barazani anachambua mchele. Nikampa shikamoo, akanipokea vizuri, akaniita mwanangu, akanitandikia mkeka. Kapteni wa Kimbunga, anasema, jina lako limefika. Zuhura katoka ndani na mtoto mgongoni. Homa imekwisha. Amekonda shemeji, macho makubwa. Akaniuliza mumewe anaendeleaje, kama anakula. Nikasema anakula.

Nikawaambia. Sikuzunguka. Fundi alisema hana neno. Aliyesema neno ni mimi. Nilitaka nafasi yangu.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, mama akaniambia niseme tena, masikio yake hayasikii vizuri. Nikasema tena. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Jirani aliyekuwa uani kaacha kutwanga.

Nilingoja matusi. Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele kitambo, anatoa chuya anatupia kuku.

"Jumapili ulicheza?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mkashinda."

"Tulishinda."

"Hongera," akasema.

Zuhura alimtua mtoto akamweka mapajani mwa mama yake, akaenda uani. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa anaanua nguo za watoto kwenye kamba, moja moja, anazikunja na kuzipanga kwenye kanga ya kufungia mzigo aliyoitandaza chini. Zilikuwa bado mbichi.